Sura ya Saba: Kufuli la Chumba cha Jenereta

Mlinzi wa korido ya chini alikuwa mtu wa kufuata maagizo mpaka unamhurumia. Alisimama mbele ya mlango wa chuma wa rangi ya kijani, daftari kwapani, kufuli mkononi, akamtazama Inspekta kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu bila kuambiwa kosa lake.

"Hebu rudia tena," Inspekta alisema. "Mzee Kijiti akimaliza zamu, unamfanya nini?"

"Nampekua, Afande. Mifuko, soksi, kofia. Chupa yake ya chai naifungua, naigeuza juu chini, naitikisa. Halafu naandika humu."

"Umewahi kumkuta na nini?"

"Leso, funguo za nyumbani, chupa tupu. Miezi minne sasa, kila siku hivyo hivyo."

"Na akiingia?"

"Akiingia nimpekue wa nini? Niliambiwa nimpekue anayetoka. Na si yeye peke yake. Katibu alisema hata yeye mwenyewe akitoka humu tumpekue, hakuna cha mkubwa."

"Mlikuwa mnakunywa chai pamoja?"

Mlinzi akacheka kwa unyonge. "Zamani alikuwa ananimiminia. Siku hizi kawa mchoyo yule mzee, hata harufu yake siipati. Nikamsusia."

Inspekta akalichukua lile daftari, akalitia kwapani kwake. Mwishoni mwa korido Katibu wa hospitali alikuwa anakuja, simu sikioni, akimkaripia mtu. Inspekta akashusha sauti.

"Leo utafanya kama siku ile ya msiba. Tukishaingia, funga kwa nje. Siku ile ulikwenda wapi?"

"Getini, Afande. Mwenzangu aliacha kazi, nalinda sehemu mbili."

"Basi nenda getini. Rudi saa kumi kasoro robo. Kabla ya hapo usirudi, hata uitwe na nani."

"Hata uitwe na nani," mlinzi alikariri, na usoni ilionekana kwamba agizo limemkaa vizuri.

Saa ilikuwa tisa kasoro dakika kumi. Saa kumi kamili gari la mahabusu lingekuja kumchukua Mzee Kijiti kumpeleka gerezani kusubiri kesi, na Inspekta alikuwa na karatasi ya mashtaka mfukoni, tayari imechapwa, imebaki sahihi yake tu. Bosi wake alishamuuliza mara tatu anasubiri nini.

Waliingia sita. Wa kwanza Koplo, kijana nadhifu aliyekuwa na haraka ya kupandishwa cheo. Nyuma yake Mzee Kijiti mwenyewe, mhudumu wa jenereta, mikono imefungwa pingu mbele, mrefu na mwembamba. Jina hilo alipewa kwa sababu ya umbo lake na kwa sababu maisha yake yote aliyapitisha akichomoa kijiti cha kupimia oili na kukifuta kwa leso. Kisha mkaguzi wa magari wa polisi, ambaye kituo kizima kilimwita Grisi. Kisha binti yake Mzee Kijiti, mwanafunzi wa unesi, sare nyeupe, macho mekundu. Kisha Katibu. Inspekta aliingia mwisho, na nyuma yake mlango ukajifunga kwa kishindo. Kwa nje kufuli likalia.

"Mbona anafunga?" Katibu aliuliza.

"Ndiyo utaratibu wa humu, au sivyo?" Inspekta alijibu, na Katibu akaitazama simu yake. Mtandao haukuwepo. Humo ndani haukuwahi kuwepo. Chumba kilikuwa chini ya ardhi, kuta za zege, hakina dirisha ila tundu la bomba la moshi lililopanda hadi darini kwenda nje.

Jenereta lilichukua chumba chote. Injini ya silinda sita, ndefu kama kitanda cha watu wawili, sasa imefunguliwa kichwa na vyuma vyake vimepangwa sakafuni juu ya magazeti. Watu walilazimika kusimama migongo ukutani. Kulikuwa na rafu yenye chupa ya chai na daftari la mtambo, ubao wa spana, ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto na kiti kimoja, ambacho Koplo alimketisha Mzee Kijiti. Juu ya kiti ukuta wote ulikuwa mweusi kwa masizi isipokuwa sehemu moja ya mstatili, safi, yenye matundu manne ya misumari pembeni. Inspekta aliiona sehemu hiyo tangu siku ya kwanza. Leo aliutazama na mlango kwa ndani. Usawa wa kifua, rangi ya kijani ilikuwa imebanduka vibaya na chuma kimebonyea.

"Tuanze," alisema. "Koplo, nisomee kesi yako."

Koplo hakuhitaji kuombwa mara mbili. "Afande, jenereta hili ni jipya, lina miezi minane. Miezi minne ya kwanza, mshtakiwa alichukua stoo lita arobaini za oili ya kuongezea. Injini mpya, lita arobaini! Uongozi ukashtuka. Katibu akaweka kufuli, mhudumu akawa anafungiwa humu, na kila anayetoka anapekuliwa. Tangu siku hiyo mpaka mtambo unakufa, miezi minne, mshtakiwa hakuomba stoo hata tone. Yaani alipobanwa, oili ikaacha kupotea yenyewe. Kisha wiki iliyopita umeme wa mtaa ukakatwa kwa matengenezo, jenereta likabeba hospitali nzima, na baada ya saa mbili kasoro kidogo likakaukiwa oili, likagandamana. Lifti ikakwama na mgonjwa ndani. Mgonjwa akafa. Sisi tulipopekua nyumba ya mshtakiwa, chini ya kitanda tukakuta debe la oili la lita ishirini, limebaki nusu."

"Mzee Kijiti," Inspekta alisema, "una la kujibu?"

"Niandike mwizi, Afande."

Ndilo jibu alilotoa siku sita mfululizo. Ulimuuliza saa ngapi, niandike mwizi. Ulimuuliza umekula, niandike mwizi. Binti yake aligeuza uso ukutani.

"Si umesikia?" Katibu alisema. "Mtu mwenyewe amekiri. Mimi nina kikao saa tisa na nusu."

Inspekta alinyoosha mkono kwenye rafu, akaichukua chupa ya chai, ile kubwa ya lita moja yenye maua, akampa Koplo. "Hii ilikuwa humu tangu siku ile. Umeifungua?"

Koplo hakuwa ameifungua. Akazungusha kifuniko, akanusa, na uso wake ukang'aa. Akaiinamisha. Kutoka chini ya chupa likatiririka tone la dhahabu, likaning'inia mdomoni mwa chupa, likadondoka kwenye kiganja chake.

"Oili!" alisema. "Afande, si nilisema! Alikuwa anaitoa kwa chupa ya chai!"

Binti alitoa sauti ndogo. Katibu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyeshinda. Mzee Kijiti hakuinua macho, lakini mabega yake yalishuka, na Inspekta alimwonea huruma, akajikaza.

"Koplo, shika daftari hili la mlinzi. Nisomee ukurasa wowote."

"'Kijiti, katoka, leso, funguo, chupa tupu.'"

"Mwingine."

"'Kijiti, katoka, leso, funguo, chupa tupu.'" Koplo alifunua kurasa tano, kumi. Sauti ikaanza kumpungukia. "Zote chupa tupu, Afande."

"Mlinzi yule angeandika hata uzito wa jasho lako ukimwagiza. Kila siku, miezi minne, anaigeuza chupa juu chini. Haijawahi kutoka na kitu. Na nani aliagizwa aangalie kinachoingia?"

Mahali fulani ukutani bomba la maji liligonga.

"Mwizi gani huyo," Inspekta aliendelea, "anayeingia na chupa imejaa na kutoka nayo tupu? Grisi, ile oili ya nyumbani kwake ukaionaje?"

Grisi alikuwa amechuchumaa kando ya injini, tumbo lake likiwa limekaa magotini. Alisimama kwa kujisukuma. Alikuwa mtu wa maneno mengi na alikuwa ameyabana tangu waingie.

"Nyepesi. Ya malori madogo, inauzwa kila duka la vipuri. Ya hospitali ni nzito, inakuja kwa pipa, stoo wanaipima kwa jagi." Akachovya kidole kwenye kiganja cha Koplo, akasugua. "Na hii ya chupa ni nyepesi vilevile. Niliyoikuta chini ya injini, ile kidogo iliyobaki, ni mchanganyiko. Huyu mzee wako alikuwa ananunua oili kwa pesa yake na kuiingiza humu kwa magendo. Miaka ishirini na sita kazini, sijaona kituko cha namna hii."

"Upuuzi," Katibu alisema. "Injini mpya inywe oili ya nini? Mimi nimesimamia ununuzi wake. Mpya kabisa!"

"Hapo ndipo ulipokosea, Bosi." Grisi akamvuta mkono kuelekea injini, na Katibu akauchomoa mkono wake usipate grisi. "Chungulia silinda hii. Unaona nini?"

"Inang'aa. Safi kama kioo."

"Haitakiwi kung'aa. Kiwandani wanaikwaruza kwa makusudi, mistari midogo iliyopishana kama wavu. Kwenye hiyo mistari oili inakaa, na ringi za pistoni zinasuguana nayo mpaka zinashikana barabara. Lakini ili zishikane, injini mpya lazima ibebeshwe kazi. Ichemke. Ikibeba mzigo, moto unazisukuma ringi zikabane ukuta, oili inabaki chini kwake. Ukiiwasha ikae tu inanguruma bila mzigo, haichemki, ringi zinalegea, oili inapanda juu, inaungua nusu nusu na kugeuka utomvu. Utomvu unajaza ile mistari, unakuwa kioo. Kuanzia hapo hakuna cha kuizuia. Kila ikiwashwa inakunywa, na haiponi yenyewe mpaka uifungue."

Alishika bomba la moshi pale lilipofunguliwa, akatumbukiza kidole, akakitoa cheusi na kinachotiririka. "Hizi hapa lita arobaini zenu. Zimepitia hapa. Ungetoka nje ukatazama ukuta chini ya bomba, ungeona zilivyochirizika."

Koplo alikitazama kile kidole kwa muda mrefu.

"Ngoja nikuulize la mwisho," Inspekta alimwambia Grisi. "Injini iliyofika hapo inaweza kukaa miezi minne isinywe hata tone?"

"Labda kama haiwashwi."

"Na hii iliwashwa kila siku. Basi kufuli halikuzuia wizi wowote. Injini iliendelea kunywa, na mtu aliendelea kuinywesha, ila aliacha kuomba." Akageuka. "Kwa nini uliacha kuomba, Mzee wangu?"

Mzee Kijiti alifumba macho. "Niandike mwizi, Afande."

Inspekta akashusha daftari la mtambo kutoka kwenye rafu. Mwandiko wa Mzee Kijiti ulikuwa wa mviringo, wa mtu aliyesoma kidogo na kuthamini alichosoma. Tarehe, saa, joto, oili, mzigo. Miezi miwili ya mwanzo, safu ya mzigo ilikuwa na tarakimu za kueleweka, sitini, sitini na mbili, hamsini na nane. Kisha ghafla sifuri. Saa nzima asubuhi, sifuri. Saa nzima jioni, sifuri. Kurasa na kurasa za sifuri, na chini ya kila wiki sahihi ya Katibu yenye mkia mrefu.

"Nani aliagiza jenereta liwashwe bila mzigo?"

"Sijui," Katibu alisema. "Ni mazoea yake mwenyewe. Mimi nasaini vitabu vingi."

"Hukuwahi kutoa agizo?"

"La maandishi? Hapana. Na hilo kufuli, kama unataka kujua, lilikuwa la usalama wa jioni tu. Mchana mlango ulikuwa wazi. Kama mzee alilala usingizi mtambo ukifa, hilo atalijibu yeye."

Inspekta akalirudisha daftari mahali pake taratibu. Hewa ilikuwa imeanza kuwa nzito. Watu sita walikuwa wanaitumia na tundu lilikuwa moja. Jasho lilimtoka Katibu kwenye kola.

"Sista," Inspekta alimwita yule binti. Hakuwa sista bado, lakini aliitika. "Ulikuwa ndani ya lifti. Niambie dakika kwa dakika."

Binti alisimama wima kama anayejibu mtihani. "Tulitoka wodi ya ghorofa ya nne, tunampeleka chumba cha upasuaji. Mama wa makamo, mshonaji wa sare za shule. Saa tano kasoro robo taa zikazima, lifti ikakwama kati ya ya tatu na ya pili. Mtungi wa oksijeni ulikwisha dakika ya ishirini. Nikaanza kumpulizia kwa mfuko wa mkono. Nilipiga kengele, nilipiga kelele. Nikawa namwambia usiogope mama, baba yangu ndiye mwenye jenereta, sasa hivi atakuja." Sauti ilikatika, akaiunga. "Lifti ikikwama, inashushwa kwa mkono. Kuna usukani juu kwenye paa. Anayejua ni baba peke yake, alinionyesha nikiwa mdogo. Dakika tano tu inafika chini. Mama alifariki dakika ya thelathini na tatu. Tulitolewa dakika ya arobaini, umeme wa mtaa uliporudi."

"Ulimsubiri baba yako."

"Nilimsubiri. Hakuja." Kwa mara ya kwanza alimtazama mzee. "Siku sita najiuliza kwa nini hukuja."

Mdomo wa Mzee Kijiti ulifunguka, ukafungwa tena. Inspekta aliwahi kuona watu wakinyamaza kwa hatia, wengine kwa kiburi, wengine kwa woga. Huyu alikuwa ananyamaza kama mtu aliyefunga mlango kwa mgongo wake.

"Koplo, mfungue pingu, kisha tazama mikono yake. Ubavuni, chini ya kidole kidogo."

Koplo akaigeuza mikono ile. Nyama za ubavuni zilikuwa zimevilia damu, mkono wa kulia na wa kushoto, alama za siku kadhaa zilizoanza kugeuka manjano.

"Sasa nipe spana kubwa kuliko zote pale ubaoni."

Koplo akaleta. Inspekta aliishika kichwa kikaelekea kwenye taa. Kwenye meno ya spana ulikuwapo ukungu wa rangi ya kijani, uleule wa mlango. Akaiweka kwenye lile bonyeo la usawa wa kifua, ikaingia sawasawa kabisa.

"Mtu aliyelala hapigi mlango hivi," alisema. "Alianza kwa mikono, akaendelea kwa spana. Na mlango ulio wazi haupigwi, unasukumwa."

Binti aliweka kiganja juu ya lile bonyeo. Hakulia. Alikaa vile, kiganja mlangoni, anapumua.

"Hayo ni makisio," Katibu alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepanda. "Hakuna karatasi inayosema nilimfungia mtu mchana. Hakuna karatasi inayosema bila mzigo. Leta karatasi!"

"Karatasi ilikuwa pale." Inspekta alionyesha ule mstatili safi juu ya kiti. "Masizi ya miezi yamepita pembeni yake. Imebanduliwa majuzi, matundu ya misumari hayajaingia hata vumbi. Swali langu ni iko wapi. Koplo, tarehe ya msiba, daftari la mlinzi linasema nini kuhusu Katibu?"

Koplo alifunua. Sasa alikuwa upande mwingine kabisa, na uaminifu wake kwa upande huo ulikuwa na bidii ileile. "'Katibu, kaingia saa tano na dakika ishirini na tano. Katoka baada ya dakika mbili. Kalamu, simu.' Basi, Afande. Kalamu na simu."

"Alitaka apekuliwe kama wengine, akapekuliwa. Hakutoka nayo. Mzee Kijiti akafungiwa tena humu mpaka ulipokuja kumkamata. Wewe ulimpekua?"

"Mpaka kisigino, Afande. Hakuwa na karatasi."

"Na humu hakuna kiberiti wala majivu. Basi haijatoka. Imefungiwa humu pamoja na sisi."

Koplo alianza kupekua rafu. Grisi alilala kifudifudi kutazama chini ya injini. Inspekta hakuondoka mbele ya yule mzee.

"Jioni ile ya kwanza mahabusu ulikuwa na mgeni mmoja," alisema polepole. "Kitabu cha kituo kimemwandika. Katibu, dakika kumi. Kabla ya hapo ulikuwa unaongea, Mzee wangu. Ulimwambia askari wa zamu kuna jambo unataka kueleza. Baada ya hapo ni mwizi, mwizi, mwizi. Alikuahidi nini?"

Macho ya Mzee Kijiti yalikimbia. Yalikwenda kwa binti yake mara moja tu, kwenye ile sare nyeupe, yakarudi sakafuni. Lakini binti aliyaona.

"Mimi?" alisema. "Baba, ni mimi? Alisema nitafukuzwa?"

"Mama, nyamaza."

"Alisema nini?"

"Imebaki miezi mitatu tu umalize," mzee alisema, na ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tofauti kwa siku sita. "Miezi mitatu. Mwizi anafungwa mwaka, anatoka. Wewe ungekuwa umeshamaliza."

"Huyu mzee amechanganyikiwa," Katibu alisema. Hakuna aliyegeuka.

Binti alipiga magoti mbele ya kiti, kwenye magazeti na masizi, sare yake ikachafuka, akaishika ile mikono iliyovilia. "Baba, mimi nilimwambia yule mama utakuja. Alikufa ananiamini. Kila nikivaa hii sare nitakuwa nimevaa jambo ambalo silijui. Niambie mimi tu. Uliiba?"

Mzee Kijiti alihimili siku sita za Koplo. Hilo hakulihimili.

"Sikuiba," alisema. Machozi yakamtoka, akayaacha. "Huyu mtambo wangu alikuja mpya, nikampenda. Kitabu chake kinasema abebeshwe mzigo. Kisha wodini wakalalamika taa zinacheza wakati wa kubadilisha umeme, Katibu akasema mwashe tu bila mzigo, asubuhi na jioni, asipoe. Nikamwambia hatafurahi. Akasema mimi si mhandisi. Alipoanza kunywa oili nikaomba, nikaongezewa. Nikaomba tena, nikaitwa mwizi mbele ya watu. Kila jagi nililoomba lilikuwa ushahidi. Ndipo nikaacha kuomba. Nikawa namletea mwenyewe, chupa moja kila siku, hata mama yako hajui." Alifuta pua kwa mkono. "Siku ile alibeba mzigo kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita. Akanywa kama mwendawazimu. Nikamimina chupa yote. Nikagonga mlango niletewe oili, hakuna. Akafa mikononi mwangu. Nikagonga nikashushe lifti, nilijua kuna mtu, taa ya kengele ya lifti, ile ya betri, ilikuwa inawaka pale ukutani. Sikujua ni wewe. Niligonga mpaka mikono ikafa ganzi, nikachukua spana."

Binti aliweka paji la uso kwenye magoti ya baba yake.

"Nilijua anaumwa, Afande, nikamficha," mzee alimwambia Inspekta. "Hilo niandike. Hilo ni langu."

"Nitaliandika," Inspekta alisema. "Na karatasi?"

"Katibu aliibandua akanipa mkononi, akasema ichome kabla polisi hawajafika. Ningeichomea nini, mtambo wenyewe umekufa?" Akaelekeza kidevu kwenye ile ndoo nyekundu.

Grisi aliyekuwa chini ndiye aliyeifikia kwanza. Aliupindua mchanga sakafuni, na katikati ya rundo likatokea kitu kama bomba, karatasi iliyoviringishwa ndani ya nailoni yake ngumu. Inspekta aliikung'uta, akaikunjua, akasoma kwa sauti. "'Moja. Jenereta liendelee kuwashwa asubuhi na jioni bila kubebeshwa mzigo. Mbili. Mhudumu afungiwe kwa nje muda wote wa zamu. Tatu. Kila anayetoka apekuliwe.'" Chini ulikuwapo muhuri, na sahihi yenye mkia mrefu.

Alitoa mfukoni ile karatasi ya mashtaka, akaichana vipande viwili, na vile viwili akavichana tena.

Katibu alikuwa ameshafika mlangoni. Aliusukuma kwa bega, haukutikisika. Akapiga kwa kiganja. "Mlinzi! Fungua! Mimi Katibu, nakuamuru fungua!" Akapiga kwa ngumi. Akachomoa simu, akaiinua juu kuelekea tundu la moshi, akaishusha. Akapiga tena kwa ngumi zote mbili, shati limemganda mgongoni, akamgeukia Inspekta. "Mwambie afungue! Hewa hakuna humu! Atakuwa wapi huyu mtu?"

"Getini," Inspekta alisema. "Ana agizo."

Mzee Kijiti alikuwa anasugua vifundo vya mikono pale pingu zilipokuwa. Alimtazama Katibu bila hasira yoyote, kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua mambo ya nyumba, akainama akaiokota ile spana kubwa sakafuni, akamnyooshea.

"Kwa mkono haisikiki, Bosi," alisema. "Na kwa hii pia haisikiki. Mimi niligonga dakika arobaini."